Mgonjwa wa stroku anajikojolea? Tumwone kwanza kabla ya pampasi

Watu wengi wa Moshi wanaotupigia sisi tunaohudumia wagonjwa nyumbani wanasema hivi, baba katoka hospitali, mkono umeanza kucheza, chakula anakula, ila mkojo ndo umetushinda, mna pampasi? Zipo, lakini tunaomba nesi wetu aje amwone kwanza. Karibu nusu ya wanaolazwa na kiharusi wanapata shida hii siku za mwanzo na wengi inapungua kadri wanavyopona, kwahiyo mzee asionekane kama kawa mtoto.

Nesi anaanza na maswali. Kabla ya kuugua alikuwa anaamka usiku kukojoa? Mwenye tezi dume shida inaweza kuwa ya zamani. Anasikia mkojo umembana au hasikii kabisa? Hapo ndo penyewe, maana kuna mgonjwa kibofu chake kizima ila choo kiko uani, mguu hauendi na ulimi mzito hawezi kuita mtu, huyo kopo la kukojolea kitandani na kengele vinaweza kumtosha. Mwingine ubongo haukizuii tena kibofu, kikijaa kidogo tu kinamwaga. Na kuna yule anayevuja vuja siku nzima mnadhani anakojoa sana kumbe kibofu kimejaa, mkojo hautoki wote, huyu ndo tunamhofia zaidi, nesi anamshika tumbo chini ya kitovu kisha tunamtuma ultrasaundi akishakojoa, waone umebaki kiasi gani.

Anaangalia pia dawa (za presha zingine zinakojoza, mkimpa jioni hamlali), choo kigumu, ngozi ya makalio, na mkojo unapimwa yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) hasa kama ameanza kuchanganyikiwa ghafla. Halafu anawaachia daftari, siku 3 mnaandika kanywa nini saa ngapi, kakojoa saa ngapi na kiasi gani kwenye jagi yenye vipimo. Kutoka hapo tunapanga, mfano kumpeleka choo kila baada ya masaa 2 bila kusubiri aseme.

Jamani msimnyime maji! Mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, choo kinakauka, yutiai inamkuta kirahisi. Punguzeni chai na kahawa za jioni, na kama anapaliwa akinywa mwambieni nesi. Mpira wa mkojo nao msiuombe ili kazi iwe rahisi, unapitisha vijidudu, daktari ndo aamue.

Kama hajakojoa toka asubuhi mpaka jioni na tumbo la chini limekuwa gumu, msitusubiri sisi, mkimbizeni hospitali ya Mawenzi au KCMC usiku huohuo.