Gitaa la kujifunzia na kusafiria: plaiwudi usiidharau

Kuna kijana alituletea gitaa lake likiwa limefungwa kwenye kanga. Kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi kimeng'oka na kuondoka na ganda la ubao wa kifuani. Aliona sauti ndogo, akavua nyuzi za nailoni akavisha za chuma. Gitaa la klasiki limejengwa kwa mvuto wa kilo 40 hivi, nyuzi zote sita. Za chuma zinavuta 70 na kupita. Tumelibandika, kovu limebaki. Basi tuelewane mapema: gitaa la klasiki ni nailoni tu.

Swali tunaloulizwa kila siku ni kama kifua ni mbao nzima au plaiwudi. Mtu keshasoma mahali kwamba plaiwudi haifai, anaikataa hata hajaigusa. Mbao nzima inalia vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini inataka hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Unguja hii wakati wa masika hewa hiyo huipati hata kwa dawa. Mbao inakunywa unyevu, kifua kinavimba, nyuzi zinanyanyuka. Kisha unalipeleka kupiga hotelini kwenye kiyoyozi, linakauka kwa ghafla, mara ufa. Plaiwudi ni tabaka zilizopishanishwa, moja inaizuia nyengine isitanuke, kwa hiyo hutulia. Mtu anayevuka kwa boti kwenda Mkoani, Pemba, kila mwezi tunamuuzia plaiwudi bila haya. Yamaha C40, ambalo wanafunzi wengi huanzia, nalo ni la plaiwudi.

Kuhusu ukubwa: C40 lina urefu wa uzi milimita 650, na shingo pale juu ina upana wa milimita 52. (Wapiga udi wanaojaribu gitaa hapa hulalamikia upana huo kuliko hata freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, ambavyo udi hauna.) Dogo lake, CS40, lina milimita 580. Ni jepesi kubeba, ila uzi mfupi ukiutia sauti ileile mkazo hupungua kwa karibu moja ya tano, unakuwa kama kamba ya kuanikia. Livishe nyuzi za mkazo mkubwa. Kama utamiliki gitaa moja tu na wewe ni mtu mzima, chukua kubwa.

Ukija dukani, njoo na rula, hatukasiriki. Pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: uzi mwembamba milimita 3, mnene 4. Ukikuta 5 usikimbie. Kile kipande cheupe kinachokalia nyuzi kule chini tunakipiga msasa. Tukipunguza milimita 2 pale, nyuzi zinashuka 1 kwenye freti ya 12. Kisha piga uzi mtupu, ubane freti ya 12 upige tena, huku programu ya simu ya kupimia sauti inasikiliza. Iwe sauti ileile, juu zaidi. Ikipinda sana, lirudishe ukutani, hilo hata msasa hauliponyi.

Begi liwe na sponji nene, na gari lililoegeshwa juani si pa kuliacha, gundi huachia. Botini lipakate. Usilitie kwenye ule mrundo wa mizigo, maana shingo zilizovunjika tunazoletewa, nyingi zimetoka huko.