Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kura ya Darasani na Ufundishaji wa Shahada ya Kwanza

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, sitamwingilia. Mwaka huu kamati imeshughulikia jambo moja tu: kura ya darasani, yaani mwalimu kuuliza swali la kuchagua na kila mwanafunzi kuonyesha jibu lake, katika mihadhara ya shahada ya kwanza hapa Bagamoyo. Warsha za siku moja tumeziacha. Watu hula, hupewa cheti, na Jumatatu mhadhara huwa uleule.

Tumeegemea kazi ya Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili, kisha akajikita katika ufundishaji wa shahada ya kwanza. Mwaka 2011 alishiriki kuchapisha jaribio la wiki moja lililofanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada: madarasa mawili ya fizikia, kila moja wanafunzi zaidi ya 260, mada ileile. Waliosikiliza mhadhara wa mwalimu mzoefu walipata wastani wa asilimia 41. Waliojibu maswali na kujadiliana, wakiongozwa na mwalimu asiye na uzoefu mkubwa, asilimia 74. Mradi wake mkubwa wa kuboresha ufundishaji wa sayansi ulipeleka fedha kwa idara, si kwa mwalimu mmojammoja. Naona busara yake: mwalimu akihama, kozi haiondoki naye.

Vifaa ni rahisi. Karatasi ya A4 inakunjwa robo nne, kila robo herufi moja kubwa: A, B, C, D. Mwanafunzi anaikunja ionekane herufi moja tu, anaishika kifuani. Rimu moja ya karatasi 500 inatosha madarasa manne ya watu 120. Ila unyevu wa pwani huilegeza karatasi mapema. Mwenye uwezo atumie manila.

Mfano wa swali: jahazi linakwenda Unguja kwa mstari mnyoofu na kasi isiyobadilika, upepo ukilisukuma. Jumla ya nguvu zote juu yake inaelekea wapi? A mbele, B nyuma, C chini, D ni sifuri. Wengi huonyesha A. Jibu ni D: ukinzani umelingana na msukumo wa upepo, na maji yamebeba uzito wote.

Wape dakika moja ya kufikiri kimya, kisha kura. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi uendelee. Katikati ya hapo ndipo penye mavuno: dakika tatu, kila mmoja abishane na jirani aliyechagua tofauti, halafu kura ya pili.

Yanayoharibu tunayajua. Mwalimu akitangaza matokeo ya kura ya kwanza, darasa huhamia kwa walio wengi bila ubishi. Wakinyoosha mikono badala ya karatasi, humtazama kwanza yule anayejulikana kuwa kichwa. Baya zaidi ni mtihani: ukibaki “Taja” na “Orodhesha”, wanafunzi watakariri, na hatuna haki ya kuwalaumu.

Suala la kupandisha vyeo walimu halijasogea. Makala huhesabiwa, kozi iliyosukwa upya haina pa kujazwa kwenye fomu. Kamati inaandaa kielelezo cha jalada la ufundishaji: maswali, kura za kwanza na za pili, na mitihani ya miaka mitatu.

Kabla ya muhula mpya, kila idara ilete maswali kumi yaliyokwisha kujaribiwa, na kura zake zikiwa zimeandikwa pembeni.