Manukuu yasipoonekana, tatizo huwa kwenye namna yalivyofungwa

Mhariri,

Video za Kiswahili zenye manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa yanayotokea juu ya picha, zimeongezeka: filamu, masomo ya sekondari, mafunzo ya afya na ya kilimo. Ni jambo jema kwa kila mtazamaji, na kwa viziwi wengi ndiyo njia kuu ya kufuata kinachosemwa. Hata hivyo malalamiko hayaishi. Video inaonyesha manukuu kwenye kompyuta ya ofisini, lakini ikifika kwenye simu hayaonekani, na ikichomekwa kwenye runinga kwa flashi zinatoka alama zisizosomeka. Mtazamaji anaambiwa faili limeharibika, alipakue upya, na bando linakwenda bure. Mara nyingi faili ni zima kabisa. Tatizo ni namna manukuu yalivyofungwa, na mwenye uwezo wa kuliondoa ni anayetoa video, kabla haijatoka mikononi mwake.

Manukuu husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuyachoma juu ya picha, yakawa sehemu ya picha yenyewe. Ya pili ni kuyafunga ndani ya faili la video kama mkondo wa peke yake, pembeni ya mkondo wa picha na wa sauti, ili mtazamaji ayawashe au kuyazima. Ya tatu ni kuyaacha kwenye faili dogo la maandishi, kwa kawaida la SRT, linalokaa folda moja na video. Vurugu nyingi hutokea kwenye njia ya pili, kwa sababu MKV na MP4 ni makasha tu. Kilichomo ndani ni habari nyingine.

Kasha la MKV hupokea karibu kila aina ya manukuu: SRT, ASS yenye rangi na mitindo ya herufi, hata yale ya DVD na Blu-ray ambayo si maandishi bali ni picha ndogo ndogo za maandishi. MP4 huchagua zaidi. Aina inayokubalika humo kwa mapana ni maandishi yanayoitwa mov_text au tx3g. Sasa tazama kinachotokea kwenye vifaa. QuickTime, programu ya video ya Mac, haifungui MKV, lakini MP4 yenye mov_text inaicheza na manukuu yake. Programu za video zinazokuja na simu nyingi za Android hucheza picha na sauti, kisha mkondo wa manukuu zikauruka kimya kimya. Chrome na Firefox hazisomi manukuu yaliyofungwa ndani ya MP4. Ukiweka somo kwenye tovuti, unapaswa kuambatisha faili la WebVTT, aina ya manukuu inayosomwa na vivinjari. Runinga nazo zinatofautiana mno: nyingi husoma SRT ya pembeni, huku manukuu ya picha ya Blu-ray yakizishinda.

Kwa hiyo mtazamaji asikimbilie kupakua upya. Aweke VLC, programu ya kuchezea video ambayo ni ya bure na inapatikana kwa Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Kwenye Windows na Linux, herufi V ya kibodi huzungusha mikondo ya manukuu mmoja baada ya mwingine; kwa menyu, ni Subtitle kisha Sub Track. Anayetumia mpv, programu nyingine ya kuchezea video, abonyeze J. Orodha ikiwa tupu, ndipo unajua kwamba manukuu hayamo. Kwenye Windows, Ctrl na J ndani ya VLC hufungua maelezo ya faili, na hapo utaona kila mkondo, aina yake na lugha yake. Ukaguzi huo ni wa sekunde chache, na ungepaswa kufanywa kabla ya mtu yeyote kulaumiwa.

Manukuu yakitokea lakini yanatangulia au yanachelewa, kwanza angalia kama tofauti ni ile ile mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni ile ile, G na H kwenye VLC ya Windows hurekebisha kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza: H huyachelewesha, G huyawahisha. Ikiwa mwanzo ni sawa na tofauti inakua kadiri video inavyokwenda, vitufe hivyo havitasaidia. Mara nyingi manukuu yaliandaliwa kwa video ya fremu (picha) 25 kwa sekunde na yanachezwa na ya fremu 23.976, au kinyume chake. Baada ya saa moja, pengo linafika kama dakika mbili na nusu. Subtitle Edit, programu ya bure ya Windows, ina sehemu ya kubadili fremu, na faili lote hunyooka kwa mkupuo mmoja.

Zile alama zisizosomeka ndizo zinazotuuma zaidi, kwa sababu chanzo chake ni kidogo na kinazuilika. Anayeandaa manukuu huyaandika kwenye Word. Word hubadilisha alama ya ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’), bila kuuliza. Faili likihifadhiwa kwa UTF-8, mpangilio wa kisasa wa kuhifadhi herufi, halafu runinga ikalisoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows, ng’ombe anageuka kuwa ngâ€™ombe. Kila ng’ambo, kila ng’oa na kila kung’aa huharibika vivyo hivyo, na mtoto anayejifunza kusoma anakutana nayo hivyo. Word hiyo hiyo huugeuza mshale wa SRT, ambao ni vistari viwili na alama ya kubwa kuliko, kuwa alama moja ya mshale. Mstari wa muda unatakiwa uwe hivi:

00:01:12,500 --> 00:01:15,000

Mshale ukibadilika, programu haitambui tena kwamba huo ni muda, na manukuu hayo hayatokei. Mkato kabla ya milisekunde nao ni wa lazima kwenye SRT. WebVTT hutaka nukta mahali hapo, na mstari wake wa kwanza lazima uwe neno WEBVTT. Kati ya manukuu na manukuu acha mstari mmoja mtupu. Andikia kwenye Notepad, au TextEdit ya Mac baada ya kuchagua Make Plain Text na kuzima alama za kupinda, kisha hifadhi kwa UTF-8. Tumia ritifaa iliyonyooka. Hiyo ni salama kila mahali kwa sababu mipangilio yote miwili huisoma sawa, na herufi nyingine zote za Kiswahili hazina tatizo hilo.

Sasa kufunga. Anayetaka MP4 itakayochezwa na vifaa vingi atumie ffmpeg, programu ya bure ya Windows, Mac na Linux. Amri ni mstari mmoja:

ffmpeg -i somo.mp4 -i somo.srt -map 0:v -map 0:a -map 1 -c copy -c:s mov_text -metadata:s:s:0 language=swa somo_sw.mp4

Picha na sauti hunakiliwa zilivyo, hivyo ubora haupungui na kazi huisha haraka. Herufi swa ni msimbo wa Kiswahili. Bila hizo, menyu ya mtazamaji haitamwambia mkondo ni wa lugha gani, na penye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa atabaki kubahatisha. Asiyependa kuandika amri atumie MKVToolNix: buruta video na SRT ndani, chagua lugha ya mkondo, washa alama ya kuwa mkondo wa chaguo-msingi, kisha anzisha kazi. Ila hiyo hutoa MKV tu, na mwenye iPhone atahitaji VLC au programu kama hiyo.

Amri ile itagoma kama manukuu uliyonayo ni ya picha, kwa mfano yaliyotoka kwenye DVD. Picha haigeuki kuwa maandishi kwa kunakili. Lazima zisomwe herufi kwa herufi na programu, kazi ambayo Subtitle Edit inaifanya, na kisha mtu apitie kila mstari. Kwa Kiswahili usiruke hatua hiyo ya mtu. Manukuu ya ASS yataingia kwenye MP4, lakini yatapoteza mahali yalipopangwa na sehemu kubwa ya mapambo yake.

Watayarishaji wengi, wakishachoshwa na haya yote, huchoma manukuu kwenye picha. Tunaelewa kwa nini, na kuna mahali panapofaa: kipande kifupi cha WhatsApp, kwa mfano. WhatsApp ikiibana video upya, mkondo wa manukuu hupotea, kwa hiyo ama uyachome au uitume video kama hati. Lakini kwa filamu nzima au somo, kuchoma ni hasara. Mwenye macho hafifu hawezi kukuza herufi. Asiyeyahitaji hawezi kuyazima. Video ikibanwa sana, kingo za herufi huchafuka. Na kosa moja la tahajia likigundulika, video nzima inatengenezwa upya, wakati kwenye SRT ungebadilisha neno moja tu.

Ombi letu kwa watayarishaji, walimu na mashirika yanayogawa video ni hili: toeni MP4 yenye picha iliyobanwa kwa H.264 na mkondo wa mov_text, na pembeni yake wekeni SRT ya UTF-8 yenye jina lile lile, somo.mp4 na somo.srt. Jina liwe sawa hadi herufi kubwa na ndogo, kwa sababu Linux huzitofautisha. Wenye simu na wenye Mac watatumia mkondo wa ndani, wenye runinga watatumia faili la pembeni. Mstari mmoja wa manukuu usizidi herufi 42, na mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja. Maneno yetu ni marefu, na mtu anahitaji muda wa kuyasoma huku akitazama. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, basi filamu ndefu ibanwe chini ya hapo.

Kabla ya kugawa, ichezeni kwenye kompyuta ya Windows, simu ya Android ya bei ya kawaida na runinga kwa flashi, na Mac au iPhone ikipatikana. Rukeni hadi dakika za mwisho mwone kama maneno bado yanaendana na midomo, kisha tafuteni mahali penye ng’.

Mafundi wa video na kompyuta,
Dar es Salaam