Hao si "Wahindi Wekundu", na ile si ngumbaru

Kwako Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki jana juu ya watu wazima huku Kanada wanaorudi kumaliza sekondari, nikaisoma tena mara ya pili nikidhani labda ni uchovu wa shifti ulinifanya nisielewe. Wapi. Kichwa cha habari kilikuwa vile vile, "Wahindi Wekundu warudi ngumbaru". Maneno manne, makosa mawili, na ndani kuna kosa la tatu ambalo ndo limenifanya niandike hii barua kwa simu nikiwa ndani ya basi, kwa hivo mnisamehe spelingi.

La kwanza nalimaliza haraka. Mhindi ni mtu wa India. Hawa hawajatoka India, ni mabaharia wa Ulaya waliopotea njia wakadhani wamefika India ndo waliwabandika hilo jina, na sisi kwa Kiswahili tukaongezea na rangi juu. Wenyewe wana majina yao, kuna Haida, kuna Nisga'a, kuna Cree, kuna Inuit na Métis na wengine wengi sana, na kwa jumla ukisema watu wa asili hutakosana na mtu. Sensa ya 2021 iliwahesabu milioni 1.8, yaani mtu mmoja kwa kila ishirini nchi nzima.

La pili, ngumbaru. Sote tunajua hilo neno linavyotamkwa, linatamkwa na kicheko, mzee ameshika chaki anasoma a e i o u na wajukuu wanamchungulia dirishani. Hawa kusoma na kuandika wanajua. Wanachotafuta ni diploma ya sekondari, ile karatasi ambayo ukiikosa huku matangazo ya kazi yanakufungia mlango mstari wa kwanza tu. Hapa mkoa wa British Columbia mtu mzima anaipata kwa krediti 20, yaani kozi tano hivi, lugha ya gredi 12, hesabu ya gredi 11 au 12, na nyingine tatu. Kijana wa shule anatakiwa 80, na mtu akisikia hivo anasema aah, huo ni mteremko. Jaribu basi hesabu ya gredi 11 ukiwa na miaka hamsini, umetoka kazini jioni, na mjukuu anaungua na homa nyumbani.

Sasa la tatu ndo linaniuma. Mwandishi wenu anasema masomo "yamelegezwa" kwa kuwekewa ngoma na ususi ili watu wapite. Mimi nimefanya kazi jikoni miaka mitatu kwa kituo kimoja cha namna hiyo, sitakitaja, nikipika chakula cha mchana cha wanafunzi, na lile dirisha la kupitishia sahani linaangalia moja kwa moja darasani, kwa hivo haya sikuhadithiwa, niliyaona nikimenya viazi.

Kulikuwa na mzee mmoja kutoka pwani ya kaskazini, miaka 58. Wiki za kwanza alikaa kiti cha karibu na mlango na koti hakulivua. Kila siku koti. Darasani kuna joto, wenzake wako na fulana, yeye zipu imefika kidevuni. Mwalimu akipita nyuma yake mabega yanapanda, kama mtu anayengoja kofi. Sasa pale kituoni kulikuwa na nyanya mmoja, hafundishi somo lolote, kazi yake ni kukaa na wanafunzi tu, ana kiti chake pembeni anasuka magome ya mwerezi na mtu akizidiwa anaenda kukaa naye. Nikamuuliza, shangazi (wote pale tunaitana shangazi na mjomba, hata mimi wa jikoni), huyu mbona havui koti? Akanijibu bila kuinua macho, "Shule aliyosomea, ukivua koti hulioni tena." Basi. Akaendelea kusuka.

Hizo ndo zile shule za bweni. Serikali ya Kanada pamoja na makanisa walichukua watoto wa watu wa asili zaidi ya 150,000, kwa zaidi ya miaka mia, na kuanzia 1920 sheria iliwapa maafisa nguvu ya kuwachukua mzazi akubali asikubali. Unafika unanyolewa nywele, wengi walipewa namba, ukiongea lugha ya mamako unachapwa. Na msidhani ni mambo ya enzi za babu, za mwisho zimefungwa miaka ya 1990, wakati mimi nasoma. Waziri mkuu aliomba radhi bungeni 2008, tume ya ukweli na maridhiano ikamaliza kazi 2015 ikaacha miito 94 ya kuchukua hatua, na mmoja wa hiyo miito unataka sheria mpya ya elimu ambayo ndani yake kuna mitaala inayoendana na utamaduni wao. Lakini kilichonishtua mimi zaidi ni kitu cha nyuma kabisa, sheria ya 1876 iliyosema mtu wa asili akipata digrii, au akawa daktari au wakili, basi kisheria huyo si mtu wa asili tena. Hebu ngoja hapo kidogo. Yaani ukisoma sana unafutwa kwenu. Halafu mtu akikaa karibu na mlango mnasema ni mvivu wa masomo.

Kwa hivo hiyo "ngoma na ususi" si chumvi ya kuongezea ladha. Ndo kitu kinachomfanya mtu aingie mlangoni, na akiingia, ndo kinachomfanya akae. Pale hakuna kengele. Nilidhani imeharibika, nikaambiwa la, imetolewa makusudi. Viti vimepangwa duara ili pasiwe na mtu wa nyuma na pasiwe na mwalimu wa kukupitia mgongoni.

Na ugumu wa masomo? Wacha niwape siku moja tu. Mwalimu wa hesabu alileta sanduku la mbao, lile la watu wa pwani, linatengenezwa kwa ubao mmoja wa mwerezi, unachonga mifereji mitatu, unaupiga mvuke mpaka ulainike, unaukunja kona tatu, na ile kona ya nne unaishona au unaigongea vijiti. Kwa zamani walihifadhia chakula humo, hata kupikia, unaweka maji na mawe ya moto na haivuji. Swali likawa, nataka sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa ndani, ubao uwe na urefu gani na mifereji ikae wapi. Wanafunzi wakajumlisha pande nne wakasema 140, rahisi. Kimya. Halafu yule mzee wa koti, ambaye kwa mwezi mzima sijamsikia akisema kitu zaidi ya asante ya supu, akasema hapana, ukikata 140 utabaki na pengo, mbao ina unene, na ile kona ya nne haikunjwi, inapandana. Mwalimu akamwambia haya njoo uandike. Akaenda ubaoni na koti lake. Alichoandika mwishowe kilikuwa na herufi ya unene na mabano na kila kitu, ni aljebra kabisa, ile ile aliyoikimbia akiwa na miaka 14, na alijua jibu kwa sababu alimwona mjomba wake akilichonga. Mimi viazi vyangu viliungua siku hiyo.

Sasa niambieni hapo kimelegezwa nini. Hesabu ni ile ile, mtihani ni ule ule. Hata somo la lugha, kuna kozi inaitwa English First Peoples, ya gredi 12, wanasoma maandishi ya waandishi wa asili wenyewe, na iko kwa mtaala rasmi wa mkoa tangu 2008, inakubalika sawa na ile nyingine kwa diploma. Na sahi hata watoto wa wazungu hapa, tangu mwaka wa shule wa 2023/24, hawahitimu bila krediti 4 za masomo yanayohusu watu wa asili. Kama huko ni kulegeza basi wamelegezewa wote.

Nisiwadanganye pia kwamba kila kitu kilikuwa sawa, manake makala kama hizi zikisifu nazo zinasifu kama tangazo. Utamaduni wa nani? Hilo swali nililisikia pale zaidi ya mara moja. Mkoa huu peke yake una lugha zaidi ya 30 za watu wa asili, na darasa la mjini linaokota watu kutoka kila upande. Mama mmoja Cree wa huko nyanda za ndani alizoea kufukiza majani fulani yenye harufu tamu asubuhi, kujitakasa, watu wa pwani wao wanatumia mwerezi, na kulikuwa na kijana mmoja mlokole ambaye hataki moshi wa aina yoyote, akiona kibiriti anatoka nje. Walichofanya ni kumwacha atoke. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyeandika jina, moshi ukiisha anarudi anakaa. Mimi nadhani kile kimya chao kilikuwa na utamaduni ndani yake kuliko ngoma zote, na ngoma nazo, niseme ukweli, zilitoka sana siku za wageni wenye pesa. Wanafunzi walikuwa wanajua. "Leo tuna wafadhili," wananiambia wakiona nimepika samoni siku ya Jumanne.

Kitu kingine ni msiba. Shule za kawaida ukikosa siku kadhaa unaandikiwa barua. Hawa watu wanazikana sana, mhariri, sijui niseme vipi, kuna mwezi darasa lilikuwa nusu kwa sababu ya mazishi mawili, na kwao mazishi si alasiri moja, unaenda kijijini, mbali, unakaa siku. Pale kazi inakusubiri, unarudi unaendelea ulipoachia. Bila hiyo tu, nusu ya waliomaliza wasingemaliza, na hilo halina uhusiano wowote na ususi, nauli ya basi nayo na mtu wa kushika mtoto ni hivo hivo.

Na hii haikuletwa na serikali yenye huruma. Native Education College, chuo cha watu wa asili pale Vancouver, ilianza 1967, baadaye ikawa mikononi mwao wenyewe, na miaka ya 1980 wakajenga jengo la mwerezi kwa umbo la nyumba ndefu ya pwani. Mwaka 1972 viongozi wao waliiandikia serikali waraka wakidai kuendesha elimu yao wenyewe. Yaani hili jambo lina zaidi ya nusu karne, makala yenu imeliandika kama limezuka juzi.

Kuna jambo moja mngeandika mngetusaidia sana. Mkoani hapa kuna cheti kinaitwa Evergreen, kinatolewa shuleni kwa wanafunzi wenye mahitaji maalum, kinasema umemaliza shule lakini SI diploma, na ripoti ya mkaguzi mkuu wa mkoa ya 2015 ilisema wazi kwamba wanafunzi wa asili wanaathirika na ubaguzi wa kutegemewa kidogo, yaani shule haitarajii makubwa kutoka kwao. Nilimwona binti wa miaka 23 pale mapokezi na cheti chake kwa plastiki, amekitunza vizuri, anaambiwa hiki hakikuingizi kozi aliyoitaka. Siku aliyokipokea alivaa joho, alipigwa picha, mamake alilia. Hakuna aliyemwambia. Alianza upya na kozi tano zile.

Ada angalau mkoa uliifuta tena kwa masomo ya watu wazima mwaka 2017, lakini kituo chetu kilikuwa kinaishi kwa pesa za mwaka hadi mwaka, ikifika Machi walimu wanaanza kutuma maombi ya kazi kwingine kwa sababu hakuna anayejua Septemba kama kutakuwa na darasa, na walimu wawili wazuri waliondoka hivo hivo. Mimi pia niliondoka hivo. Muulizeni mwandishi wenu aandike hiyo.

Yule mzee alimaliza, ilimchukua karibu miaka miwili. Siku yake walimvisha blanketi mabegani, ndo desturi ya pwani kwa mtu wanayemheshimu, na kwa sababu blanketi haliwezi kukaa juu ya koti nene, nyanya alimwambia lete hapa, akalishika mkononi sherehe nzima mpaka mwisho, akamrudishia.

Lile neno ngumbaru bado liko kwa toleo lenu la mtandaoni, nimeangalia leo asubuhi. Litoeni.

Ni mimi msomaji wenu,
aliyekuwa mama wa jikoni,
British Columbia, Kanada