Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Teluridi ya Bismuthi, Usafi Wake na Inakotoka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Wewe ni mhandisi wa kusafisha shaba, na hatukukualika kwa kubahatisha. Sababu utaisikia mbele kidogo.

Mgeni Rasmi, mezani mbele yako kuna kibamba cheupe cha mraba, sentimita 4 kwa 4, kimekaa juu ya feni. Mwenzetu ametoka kuwasha umeme na kudondosha tone moja la maji juu yake. Tunaomba tuliache hapo kwanza.

Ndani ya kibamba hicho kuna jozi 127 za vijipande vya teluridi ya bismuthi, Bi2Te3, yaani muungano wa elementi mbili, bismuthi na teluri, na mwaka huu mzima klabu yetu haikushughulika na kitu kingine. Kwa macho ni jiwe la kijivu linalong'aa. Ukilipitishia wembe linabanduka tabaka kwa tabaka kama ulanga, kwa sababu atomu zake zimejipanga safu tano tano: teluri, bismuthi, teluri, bismuthi, teluri, kisha linakuja bunda jingine, na kati ya mabunda hayo mshiko ni dhaifu. Huyeyuka kwenye nyuzi 585 hivi za Selsiasi. Umeme linaupitisha vizuri kiasi, lakini joto linalipitisha kwa shida mno, mara mia na zaidi chini ya shaba. Tabia hizo mbili kukaa pamoja ni jambo adimu. Ndiyo maana, umeme ukipita, upande mmoja wa kibamba unaweza kupoa huku wa pili ukipata moto bila joto kukimbilia kurudi.

Njia ya kufika hapa ilikuwa ndefu. Mwanasayansi Seebeck aliona mwaka 1821 kwamba tofauti ya joto kwenye metali mbili zilizoungana inazaa umeme. Peltier, mwaka 1834, akaona kinyume chake: umeme ukipita kwenye kiungo cha metali mbili, kiungo hupoa au hupata joto. Mwaka 1838 Lenz aliweka tone la maji kwenye kiungo cha bismuthi na antimoni, akaligandisha kwa umeme, akageuza mkondo, likayeyuka. Lakini ilibidi kusubiri hadi 1954, Goldsmid na mwenzake nchini Uingereza walipoonyesha kwamba teluridi ya bismuthi inaifanya kazi hiyo vizuri kiasi cha kutengenezea majokofu.

Mgeni Rasmi, sasa tuingie kwenye lililotuuma. Tulinunua bonge la fuwele kwa muuzaji mmoja, lebo ikisema asilimia 99.999. Maana yake uchafu wote usizidi miligramu 10 katika kilo nzima. Tuligusisha ncha ya pasi ya kulehemu upande mmoja na kupima volti. Penye tofauti ya nyuzi 50 tulitarajia milivolti 10 hivi, na ishara moja, chanya au hasi, bonge zima. Mwisho mmoja sindano ilikwenda kulia. Tulipohamia mwisho wa pili ikaenda kushoto.

Tulikasirika, tukasema tumeibiwa. Baada ya kusoma tulielewa kwamba lebo ile huenda ilisema kweli. Asilimia hiyo kwa kawaida huhesabu metali ngeni tu. Oksijeni na kaboni hazimo. Tena haisemi lolote juu ya uwiano wenyewe. Katika gramu 100 panatakiwa gramu 52.2 za bismuthi na 47.8 za teluri. Bismuthi ikizidi kidogo tu, atomu zake hukalia nafasi za teluri na fuwele hubadilika tabia, hata ishara ya volti ikageuka. Kilichotukwamisha hasa ni kwamba bonge halikuwa na namba ya toleo wala cheti cha uchambuzi, kwa hiyo hatukuwa na la kumuuliza muuzaji.

Na hapa ndipo unapoingia wewe. Teluri ilipewa jina mwaka 1798 na mkemia Klaproth, kutokana na neno la Kilatini la ardhi, ilhali ardhini ni adimu kama zilivyo dhahabu na platini. Karibu hakuna anayefungua mgodi kwa ajili yake. Nyingi hutoka kwenye matope yanayotuama chini ya tangi shaba inaposafishwa kwa umeme. Bei ya teluri ikipanda, hakuna atakayesafisha shaba zaidi kwa sababu hiyo. Na shaba inayopatikana kwa kuloweka mawe kwenye asidi haiachi matope hayo. Bismuthi nayo kwa sehemu kubwa ni zao la pembeni, hasa la usafishaji wa metali ya risasi. Februari 2025 China, mzalishaji mkubwa wa zote mbili, iliziweka kwenye orodha moja ya bidhaa zinazohitaji kibali kusafirishwa nje.

Kwa hiyo, Mgeni Rasmi, tunaomba mambo matatu. Utusaidie kupata sampuli ndogo yenye cheti na namba ya toleo, iliyofungwa ndani ya gesi ya argoni, na iwe bonge, maana unga laini hushika oksijeni upesi. Utusaidie kupata kabati la kutolea mvuke. Teluri ikiingia mwilini humfanya mtu atoe pumzi ya kitunguu saumu kwa siku nyingi, na hatutaki mwenzetu yeyote afikie hapo. La tatu halina gharama: utueleze leo, kwa maneno yako, matope yale yanavyoonekana na yanavyoshughulikiwa. Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuyaona.

Tone limeshaganda. Tunaomba usogee mezani, uliguse, kisha ubadilishane hizi waya mbili, nyekundu na nyeusi, kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.