Malalamiko: Barua pepe zangu mlizoziacha kwenye diski mliyoifuta

Makorora, Tanga
12 Novemba 2025

Meneja,
Duka la Kompyuta na Huduma za Ufundi,
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPOTEA KWA BARUA PEPE ZANGU MLIPONIHAMISHIA KOMPYUTA MPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi tarehe 8 Novemba nilinunua kwenu kompyuta mpya. Microsoft walikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba, na mashine yangu ya mwaka 2014 haikuikubali Windows 11. Nililipa shilingi 60,000 juu ya bei ili mnihamishie "barua pepe na mipangilio yote". Maneno hayo yamo kwenye risiti yenu. Kompyuta ya zamani nikawaachia, mkanipunguzia bei.

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, na tangu 2012 kazi yangu yote imepita kwenye barua hizo: ankara, hati za meli, makubaliano na wateja ambayo hayakuwahi kuchapishwa kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inanitaka nitunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Leo nikiulizwa ya mwaka jana sina cha kuonyesha.

Kijana wenu alikaa mbele yangu na diski ya nje, akanakili folda za Desktop, Documents na Pictures. Dakika ishirini hazikufika akawa amemaliza. Nikamwuliza, "Mwanangu, na barua pepe je?" Akanijibu, "Zote zimehama, mama. Ukifika ofisini weka neno la siri tu." Fomu ya makabidhiano ninayo hapa mezani. Mstari wa nne umeandikwa "Barua pepe", na mbele yake kuna alama ya vema kwa kalamu ya bluu.

Nilifika ofisini, nikafungua Thunderbird, programu ninayotumia kwa barua pepe, nikaweka neno la siri. Barua zikaanza kuingia moja moja, zikafika mia na kitu, zikakoma. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya tarehe 25 Oktoba. Upande wa kushoto, mahali palipokuwa na folda zenye majina ya wateja wangu, palikuwa patupu. Nilipoandika herufi tatu za mwanzo za mteja wangu wa Mombasa, ninayemwandikia karibu kila wiki, hakuna anwani iliyojitokeza.

Nilipiga simu dukani nikaambiwa niingie mtandaoni nitazikuta. Hazipo. Akaunti yangu ni ya POP3: programu huzivuta barua kutoka kwenye seva na kuzihifadhi kwenye kompyuta, na yangu ilikuwa imepangwa kuacha nakala kwenye seva kwa siku 14 tu. Zilizobaki zote zilikuwa ndani ya diski, kwenye folda ya Profiles iliyomo AppData, ambayo Windows huificha. Humo ndimo mlimokuwa na barua, daftari la anwani, vichujio nilivyovipanga kwa miaka, mipangilio ya akaunti na maneno ya siri. Kuihamisha ni kuifunga Thunderbird na kuinakili folda hiyo nzima. Yangu ilikuwa na gigabaiti 11, kwa hiyo hata njia ya programu yenyewe ya kusafirisha data isingetosha, maana faili lake la zipu lina kikomo cha gigabaiti 2. Mimi haya nimeelezwa na mpwa wangu jana. Fundi anayelipwa kwa kazi hiyo alipaswa kuyajua kabla ya kuigusa mashine.

Hata hivyo, kusahau folda ningeweza kusamehe. Jumatatu asubuhi nilikuja dukani mbio nikiamini kompyuta ya zamani ipo, nikaambiwa ilifomatiwa Jumamosi ile ile jioni na iko tayari kuuzwa. Hakuna aliyeniambia, "Mama, hebu fungua barua moja ya zamani tuione kabla hatujafuta." Sentensi hiyo moja ingeniokoa.

Diski ile ni ya zamani, ya sahani zinazozunguka, na kuifomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu; yaliyomo hubaki mpaka yaandikwe juu yake. Hilo linanipa matumaini, na hilo hilo linanitia hofu. Mkimuuzia mtu mashine hiyo, atakuwa amebeba siri za wateja wangu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haiwaruhusu kuzitawanya hivyo.

Kwa hiyo nataka kompyuta ile isiwashwe tena na isiwekwe Windows nyingine. Diski itolewe nikabidhiwe mimi. Gharama za mtaalamu wa kurudisha data mzilipe ninyi, kwa kuwa mlifuta kabla sijathibitisha, na shilingi 60,000 mnirudishie, kwa sababu kazi niliyoilipia haikufanyika. Karatasi ambayo kijana aliandika neno langu la siri nayo naitaka. Nimeshalibadilisha, lakini si mali ya duka.

Nitafika Ijumaa tarehe 14 saa tatu asubuhi. Nisipopewa diski siku hiyo, nitapeleka risiti na fomu yenye alama ya vema Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tafadhali mwambieni leo anayeshughulikia mauzo aiweke kando mashine hiyo.

Wenu,
(Saini)
Mteja wa risiti ya tarehe 8 Novemba 2025