Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanachama wenzangu,

Ada, leseni na ule mgogoro wa mpaka vimo kwenye taarifa ya katibu, sitavirudia. Mimi nina habari ya dumu la dawa ya bakteria, maana ndilo lililotugawa mwaka mzima.

Mnamkumbuka yule muuzaji aliyesema dawa yake ina vijidudu vinavyokula zebaki, ile tunayokamatia dhahabu, kwenye matope ya mialo yetu, pale tunapooshea mchanga. Kabla ya kugusa hela ya chama, kamati ilijaza pipa moja tope la mwalo wa chini, tukamimina dawa na molasi, tukafunika. Wiki tatu baadaye tope lilikuwa jeusi tii, linanuka yai viza, na maji ya juu yametakata. Muuzaji akashangilia. Mweka hazina, mama asiyebabaishwa, akauliza: "Imekwenda wapi?" Tukapeleka tope maabara. Zebaki ilikuwa palepale.

Zebaki ni metali. Haiozi wala haifi. Bakteria wataihamisha au wataibadili sura, basi. Wale wa pipa letu huishi pasipo hewa, hutumia salfeti na kutoa gesi yenye harufu ile, nayo hushika metali zikatuama kama unga mweusi. Kwenye kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, jamaa zao walianza kusafisha maji ya ardhini mwaka 1992, na unga ulikuwa unarudishwa kiwandani. Wapo pia wanaokula salfa na kutoa asidi inayoyeyusha shaba, zinki na kadimi kutoka kwenye tope, ingawa metali ya risasi huwashinda. Lakini hao wote hufugwa ndani ya tangi, na mtu yupo wa kukusanya kinachotoka.

Bwawa la wazi ni jambo jingine kabisa. Humo bakteria wa aina hiyohiyo hugeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, inayoingia kwa samaki na kutoka kwa samaki ikaingia kwa mtoto tumboni. Kumwaga molasi mwaloni ni kuwapikia. Minamata, Japani, walikoumia kwa sumu hiyo, matope ya ghuba yalichimbuliwa na kufukiwa kuanzia 1977 hadi 1990. Hekta 58 zikawa nchi kavu.

Dawa, basi, hatukununua. Waliosema kamati inaogopa maendeleo nimewasikia. Hela ile tumenunua turubai nzito za mabwawa mawili ya marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, na retoti mbili, vyombo vya kuchomea zebaki vinavyonasa mvuke wake. Retoti moja inafanya kazi. Ya pili iko stoo na karatasi yake ya dukani, huku wenzetu wakichoma zebaki kwenye bati nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe. Nimewaona, na wao wanajua nimewaona.

Bwawa la tatu bado halina turubai, na likifurika tope linashuka mtoni, kisha ziwani. Kamati inaomba kila duara, yaani kila shimo la uchimbaji, lichangie kabla ya mvua. Naomba mkutano uamue leo.

Pipa la majaribio lipo nyuma ya ofisi, limefungwa. Mtu asilimwage mpaka tupate pa kulipeleka.